Æthelberht wa Kent: miaka 56 ya utawala?

Swali: Wakuu, napanga mti wa ukoo wa Æthelberht, mfalme wa Kent, ufalme wa kale kusini-mashariki mwa Uingereza. Beda, mtawa aliyeandika historia ya Waingereza, anampa miaka 56 ya utawala, naye alifariki 616. Niandike alianza 560? Na mwanawe Eadbald kweli alimwoa mamaye?

Jibu: 560 usiiandike. Gregori wa Tours, askofu na mwanahistoria wa Wafranki aliyeandika kabla ya 594, anasema Bertha, bintiye mfalme Charibert wa Paris, aliolewa na mwana wa mfalme wa Kent, yaani Æthelberht. Mwana, si mfalme! Kwa hiyo wengi huona 56 ni umri wake alipokufa, na kiti alikipata baadaye sana. Kosa la kawaida ni kutoa 56 kwenye 616 na kuishia hapo.

Jibu: Kuhusu Eadbald, hapana. Alimwoa mama wa kambo, mjane wa babaye ambaye Beda hamtaji jina. Bertha, mamaye mzazi, alishafariki. Ukiwaunganisha wanawake hao wawili, mti wote unaharibika.

Ongeza pia: baba Eormenric, binti Æthelburh, aliyeolewa na Edwin wa Northumbria, dada Ricula, mamaye Sæberht wa Essex.

Muuliza swali: Shukrani. Nafuta 560.