Kuchora katuni kwa mtindo wa Fantasmagorie ya 1908: picha inarukaruka, nirekebishe wapi?

kalamu_nyeusi
Wakuu, habari zenu. Nachora katuni ya sekunde 10 kwa mtindo wa Émile Cohl, Mfaransa aliyetengeneza filamu hiyo ya katuni: kijitu cha mistari mitupu, nyeupe juu ya nyeusi, na kila kitu kinageuka kuwa kingine. Vifaa ni karatasi za A4, kalamu ya wino na simu. Shida ni kwamba picha nzima inarukaruka na mwanga unapepesa. Je, Cohl alitumia chaki na ubao? Na michoro inatakiwa mingapi?

wino_na_kioo
Si chaki, mkuu. Wa ubao na chaki ni J. Stuart Blackton, kule Marekani, 1906. Cohl alichora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, juu ya kioo chenye taa chini yake, ili auone mchoro uliotangulia na kuufuatisha huku akibadilisha kidogo. Filamu ikatolewa kwa negatifu, yaani nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi, ndiyo maana inaonekana kama chaki.

Ni michoro kama 700, kila mmoja ulipigwa picha mara mbili. Kwa fremu (picha mojamoja za filamu) 16 kwa sekunde, hiyo ni michoro 8 kila sekunde, kwa hiyo sekunde zako 10 zinataka michoro 80. Kama programu inakubali fremu 24 tu, kila mchoro upe fremu 3, hesabu haibadiliki. Usichore 24 kwa sekunde. Mstari utateleza mno, na utamu wote wa filamu zile uko kwenye mstari unaopumua.

fundi_fremu
Hapo tutenganishe. Mstari kutetemeka ni uzuri, unatokana na mkono kurudia umbo lilelile. Karatasi kuhama ni kosa.

Toboa karatasi kwa mashine ya kawaida ya ofisini ya matundu mawili. Matundu huachana sentimita 8, kati hadi kati, kwa upana wa kama milimita 6. Gundisha vijiti viwili vya mbao vya milimita 6 kwenye ubao, visugue msasa kidogo karatasi ziingie bila kulegea. Usitoboe zaidi ya 5 kwa mkupuo, za chini huteleza na matundu yanapishana. Chukua karatasi ya gramu 70, inapitisha taa vizuri kuliko 80. Vijiti hivyohivyo vitumike wakati wa kuchora na wakati wa kupiga picha. Wengi huchora kwenye vijiti, kisha wanapiga picha karatasi ikiwa imelazwa tu mezani!

Mwanga: funga madirisha, maana wingu moja likipita linaharibu fremu 20. Weka taa mbili, kushoto na kulia, ziangaze kwa mshazari. Kwenye simu, funga fokasi na mwanga visijirekebishe vyenyewe.

kalamu_nyeusi
Asante sana. Na kugeuza umbo? Yangu yanafifia tu, hayageuki.

wino_na_kioo
Kwa sababu unafuta umbo na kuleta jingine. Mistari ileile ndiyo ihame. Chukua birika ligeuke jogoo: mdomo wa birika unakuwa shingo, mkono wake unalegea nyuma na kuwa mkia, tumbo linabaki tumbo, kitako kinachomoza miguu. Michoro 8 hadi 10 inatosha. Mdomo uanze kunyooka mapema, mkia ufuate michoro miwili baadaye. Vyote vikihama pamoja, jicho linaona ukungu. Chora moja baada ya nyingine bila kupanga mwisho kwa ukamilifu. Ndivyo ndoto ile inavyopatikana.

fundi_fremu
Hapo natofautiana kidogo. Ukienda mbele tu, jogoo ataishia mdogo kuliko birika au atatoka nje ya fremu. Winsor McCay, mchoraji wa Marekani, kwenye Gertie, katuni yake ya dinosaria ya 1914, alichora kwanza mikao mikuu, ndipo akajaza ya katikati. Chora wa 1, wa 9, kisha wa 5, halafu ujaze. Kwenye Gertie mandhari nayo ilinakiliwa upya kwenye kila karatasi, ndiyo maana mawe yanatetemeka nyuma ya mnyama.

wino_na_kioo
Kwa birika na jogoo nakubali, kwa kuwa vinajulikana vyote viwili. Kijitu kinapozurura, mwache aende.

Jambo moja: penseli ifutwe kabisa kabla ya kupiga picha. Ukigeuza rangi, nyeusi iwe nyeupe, kijivu kinakuwa ukungu mweupe unaozunguka mstari. Wino ukauke kwanza, kifutio kisiupake.