Tanga: Mmezipiga msasa bunduki za vita vya 1914 hadi alama zote zimefutika, na vibao vyenu ni vya uongo!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka.

Jana nilipeleka walimu watano wa kutoka Lushoto kwenye chumba kimoja cha maonyesho hapa Tanga mjini. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Tulikwenda kuziona zile bunduki nne kuukuu za vita vya Mjerumani. Mimi nazitembelea tangu 2017, nina daftari lake kabisa. Jana nimezikuta zinang'aa. Tatu zimekwanguliwa hadi chuma cheupe, kisha zikapakwa vanishi, mtutu, bolti (kile chuma cha nyuma unachokivuta kuingiza risasi), kila kitu. Nikavaa miwani nikainama pale alama zilipokuwa. Pameparuzwa, patupu.

Nikamwita kijana anayetunza chumba.

"Mwanangu, alama zimekwenda wapi?"

"Alama zipi, mzee?"

"Zile herufi, na taji, na namba."

"Aa, pale palikuwa na kutu tu, mzee wangu. Tuliambiwa tusafishe, kuna wageni wakubwa wanakuja. Akaja fundi wa mageti na grenda yake, siku moja tu kamaliza."

Kijana simlaumu, katumwa. Namlaumu aliyetoa amri bila kumuuliza mtu hata mmoja.

Tuanze na ile ya mlangoni. Kibao kinasema "Gobori la Waarabu". Gobori! Gobori linashindiliwa baruti kwa mdomoni, na hapa Tanga wapo wazee kibao wa kukueleza. Hii ina bolti, inafunguka kwa nyuma na kuingizwa risasi moja, ukishapiga unaingiza nyingine. Ubavuni kushoto iliandikwa Mod. 71 kwa zile herufi za Kijerumani za kizamani. Ni bunduki ya Kijerumani, Mauser ya mwaka 1871, risasi yake ina unene wa milimita 11 na baruti yake ni ya moshi. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku kwetu, walikuwa na hiyo hiyo vita ilipoanza. Ukifyatua tu, wingu jeupe linasimama juu ya kichwa chako na adui anajua ulipo. Weusi wenzetu walipelekwa vitani na silaha ya muundo wa miaka zaidi ya arobaini nyuma, iliyokwisha kupitwa na wakati, wakafa nayo, na leo kibao kinawafuta wao na kuandika Waarabu.

Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Kibao: "Bunduki ya Mjerumani". Lakini pale kwenye pete ya chuma inayoshika shingo ya kitako, upande wa kulia, palikuwa na taji, chini yake jina Enfield, kiwanda cha bunduki cha Mwingereza, chini yake mwaka. Palikuwa pia na ule mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Hata asiyejua kusoma angeitambua kwa magazini yake ya risasi 10 iliyotokeza chini, mbele ya kifyatuo. Mauser ya 1898 inabeba risasi 5 na zinafichwa tumboni mwa bunduki, chini hakuna kinachoning'inia.

Atatokea mtu aseme, sasa Mwingereza au Mjerumani kuna tofauti gani, chuma ni chuma. Sikilizeni. Tarehe 4 Novemba 1914 jeshi la Kihindi la Mwingereza, watu wapata 8,000, lilitoka Ras Kazone kuja mjini likapigwa na Wajerumani na askari wao wapata 1,000. Nyuki nao wakaingia vitani wakawauma askari, hadithi ile kila mtoto wa Tanga anaijua. Kesho yake Waingereza wakarudi melini wakaacha ufukweni bunduki za kutosha kombania tatu za askari. Askari wetu wakazichukua, wakaendelea nazo vitani. Kwa hiyo bunduki ile imetengenezwa Uingereza, na huenda kweli ilibebwa na askari wa Mjerumani! Huenda mwandika kibao alipatia bila kujua. Njia ya kufuatilia ilikuwa namba yake. Kwenye daftari langu nina tarakimu tatu tu, nyingine mbili zilifunikwa na kutu. Nilikuwa nikiomba kibali niilainishe ile kutu kidogo kidogo kwa mafuta ya cherehani na kitambaa. Nimeomba mara mbili, sikujibiwa. Sasa hakuna cha kulainisha.

Ya tatu ni Mauser 98 yenyewe, ilikuwa na taji na neno Danzig, kiwanda cha Mjerumani, juu ya chemba, pale risasi inapokaa. Vipande vyake vidogo vilikuwa na tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki, na ndivyo unavyojua kama vyote vilizaliwa pamoja. Mwili na vipande vyake vilisema 18, bolti ikasema 63. Yaani bolti ilitoka kwenye bunduki nyingine. Nani aliibadilisha, porini au karakana, tungeweza kuuliza. Sasa tutauliza nini?

Ya nne walinunua kwa muuzaji wa vitu vya kale, na niliwaambia mapema. Ina taji, herufi V.R. na mwaka 1912. V.R. ni Malkia Victoria, amefariki Januari 1901! Na herufi N imegongwa kinyume. Ni kazi ya mafundi wa kule Khyber, mpakani mwa Pakistani na Afghanistani, wanaiga alama wasizozisoma. Hiyo haikuguswa na grenda kwa sababu ilikuwa safi tayari. Katika zote nne, ya bandia peke yake ndiyo imebaki na maandishi.

Ninachotaka: hivyo vibao vitolewe wiki hii. Vanishi isiongezwe. Na kama kuna mwanajamvi aliyewahi kupiga picha mle ndani kabla ya mwaka huu, hata picha ya familia ambayo bunduki inaonekana nyuma tu, aiweke hapa. Ile ya pili hasa, upande wa kulia, karibu na kitako. Natafuta tarakimu mbili.