Bibi ninayemtunza, runinga ya Kiyahudi na Ijumaa jioni: nilimkosea?

Nuru_Manhattan:

Habari za leo ndugu zangu. Nipo Manhattan, Upper West Side, nafanya kazi ya kutunza wazee. Tangu mwezi wa tano niko na bibi mmoja Myahudi wa miaka 88. Alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Kabla ya hapo kila Jumamosi alikuwa anatembea kwa miguu hadi sinagogi lake, mitaa mitatu kutoka hapa, na katikati ya wiki alikuwa na darasa la Torati na wenzake. Wanawe wawili wako California. Simu wanapiga kila siku, ila simu haijazi nyumba.

Bintiye aliniambia upo mkondo wa runinga wa Wayahudi unaoitwa JBS, na kwamba kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni unarusha ibada moja kwa moja kutoka Central Synagogue, pale Lexington Avenue. Nikautafuta kwenye kebo nikaupata. Sikumwambia bibi. Nilitaka afurahi bila kutarajia.

Ijumaa iliyopita akawasha mishumaa yake miwili. Desemba hii jua linazama mapema, kwa hiyo ilikuwa saa kumi na dakika kama kumi hivi. Akafunika macho kwa viganja, akaomba, akaniambia Shabbat shalom, yaani Sabato ya amani, kama kawaida yake. Tukala. Ilipofika saa kumi na mbili nikawasha runinga.

Bibi akanyamaza. Hakusema zima, hakusema acha. Akageuza uso akaiangalia mishumaa, na hakuiangalia runinga hata mara moja kwa saa nzima. Lakini nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, na midomo yake niliiona. Kila wimbo ulioimbwa kule, midomo yake ilikuwa inaufuata bila sauti.

Siku mbili sasa sijalala vizuri. Nimemkosea, au nimempa kitu alichokuwa anakihitaji? Mwenye kuwajua watu hawa kwa karibu anieleze. Na kama mkondo huo una vipindi vya siku za kawaida vinavyomfaa, au kuna shughuli za utamaduni wao ambazo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kupelekwa na baridi hii, naomba mnielekeze. Anazeeka dirishani akitazama magari, na roho yangu haikubali.

Mama_Zawadi_BK:

Mdogo wangu Nuru, pole. Nimetunza wazee wa Kiyahudi Brooklyn miaka 14, nyumba za kila namna, na huo ukimya naujua.

Kwao Sabato haianzi Jumamosi asubuhi. Inaanza Ijumaa jua linapozama, na mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya hapo. Torati, kitabu cha Kutoka 35:3, inakataza kuwasha moto nyumbani siku hiyo, na wengi wanauhesabu umeme pamoja na moto. Kwa hiyo wewe uliwasha runinga Sabato ikiwa imeshaingia kwa muda wa karibu saa moja na nusu.

Sasa sikiliza kilichomfunga mdomo. Kwa sheria yao, Myahudi hatakiwi kumwagiza asiye Myahudi amfanyie siku ya Sabato kazi ambayo yeye mwenyewe amekatazwa. Kwa hiyo hakuweza kukuambia uwashe, na ukishawasha hakuweza kukuagiza uzime. Mama wa watu alikuwa amekaa katikati ya vitu viwili anavyovipenda. Usijilaumu, ila usirudie kwa namna ile.

La kwanza ujue bibi yako ni wa dhehebu gani la Kiyahudi. Orthodox, wengi wao hawataki runinga ndani ya Sabato kwa njia yoyote ile. Reform wengi hawana shida, na Central Synagogue yenyewe ni ya Reform, ndiyo maana kamera zinafanya kazi mle Ijumaa usiku. Conservative wako katikati. Mwaka 1950 marabi wao waliruhusu watu kwenda sinagogi kwa gari siku ya Sabato. Mwaka 2020, ugonjwa ulipofunga milango, wakatoa waraka kuhusu kufuata ibada kwa vifaa vya umeme, na njia waliyoipendelea ni kifaa kitegwe kabla Sabato haijaingia, halafu kisiguswe.

Usimuulize Ijumaa usiku. Muulize Jumatatu, mkinywa chai, kwa heshima, kama mtu anayetaka kujifunza. Na akikubali, nunua swichi ya saa, ile inayochomekwa ukutani ikazima umeme yenyewe kwa saa uliyoitegea. Nyumba nyingi za Wayahudi wanazo kwa ajili ya taa.

Na hili ulishike kuliko yote: akianguka, akikosa pumzi, akishika kifua, piga simu hapohapo, washa kila taa. Kwao kuokoa uhai kunaitangulia Sabato, hakuna rabi atakayekupinga. Nimewahi kufanya kazi na dada aliyesitasita kwa kuogopa kuivunja Sabato ya mzee. Isikutokee.

Nuru_Manhattan:

Dada mkubwa, nimesoma mara tatu. Kumbe hakuweza hata kuniambia zima! Nimekaa na hilo neno asubuhi yote.

Nimemuuliza leo baada ya chai. Ni Conservative. Nilimwambia samahani, akanishika mkono akasema hakukasirika, ila alikuwa anaona aibu kwamba anafurahia. Alisema hilo sinagogi si lake, hata rabi wao ni mwanamke na wakati yeye akiwa msichana jambo hilo halikuwepo, lakini nyimbo ni zilezile alizoimbiwa na baba yake. Kisha akauliza yule rabi ni nani. Nikamtafutia: Angela Buchdahl, amezaliwa Seoul, mama yake Mkorea na baba yake Myahudi wa Marekani, na ni rabi mkuu pale tangu 2014. Bibi akasema, "Ana sauti." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

FundiKamera:

Dada Nuru, mimi ni mpiga picha za video, na kazi zangu nyingi ni za kumbi za jumuiya hapa New York na New Jersey, zikiwemo za Wayahudi. Naomba nikueleze jinsi vipindi hivi vinavyotengenezwa, utajua cha kumtafutia.

JBS inaishi kwa michango ya watazamaji. Ilianzishwa na rabi Mark Golub, ikaanza mwaka 2006 kwa jina la Shalom TV, na jina likabadilishwa 2014. Yeye mwenyewe alifariki 2023. Fedha za tamthilia hakuna, kwa hiyo nguvu iko kwenye mahojiano, masomo na mihadhara: unaweka kamera mbili tatu ukumbini, unachukua sauti safi, umepata kipindi cha saa nzima. Kuna vijana wanaona vinachosha, mzungumzaji mmoja na glasi ya maji. Mimi nimewarekodi wazee waliokuwa wanatazama, na nakuambia mtu aliyezoea darasa la Torati kila wiki, hicho ndicho anachokikosa. Hataki kuburudishwa tu. Anataka mtu aseme jambo abishane nalo.

Kwa hiyo usimwekee chochote kinachopita. Angalia ratiba, mchagulie mafundisho ya sehemu ya Torati ya wiki hiyo, maana Wayahudi wote duniani karibu kila wiki wanasoma sehemu moja, na wenzake wa darasa wanasoma hiyohiyo. Akishatazama, awapigie simu. Hapo utaona mabadiliko. Kipindi kikikupita usihangaike, vingi hurudiwa, na mkondo wenyewe unapatikana bure kwenye tovuti yao. Washa na maandishi ya chini ya skrini kama masikio yamepungua. Wazee wengi hawakiri kwamba hawasikii, wanaitikia tu.

Hivi vitu vina historia ndefu hapa. NBC walikuwa na kipindi cha Kiyahudi tangu 1944, redioni kwanza na baadaye kwenye runinga, wakishirikiana na Jewish Theological Seminary, chuo cha marabi wa Conservative kilichopo Broadway, si mbali na kwenu. Mtajie bibi. Huenda kwao walikuwa wanakisikiliza.

Msafiri_wa_Broadway:

Dada Nuru, hongera kwa moyo huo. Wenzangu wamesema ya runinga, mimi nizungumzie kumtoa nje, maana kutoka bado anahitaji.

Mko mahali pazuri. Januari kuna tamasha la filamu za Kiyahudi la New York, pale Lincoln Center, ukumbi wa Walter Reade, West 65th Street. Linaandaliwa na Jewish Museum, makumbusho ya Kiyahudi, pamoja na watu wa Lincoln Center, tangu 1992. Chagua onyesho la mchana, siku ya katikati ya wiki. Basi la M104 linashuka Broadway hadi hapo, na mabasi ya jiji yana ubao wa mteremko wa kukunjua kwa ajili ya kiti. Kata tiketi mapema na uwaambie mna kiti cha magurudumu, wapo watakaowaonyesha nafasi.

Jewish Museum yenyewe iko Fifth Avenue na 92nd Street, ng'ambo ya Central Park. Jumamosi wanafungua bure, kwa sababu kushika fedha siku ya Sabato ni mwiko, na duka lao linakuwa limefungwa. Kwa bibi yako Jumamosi haifai kwa ajili ya safari, nenda siku nyingine ulipe. Karibu na hapo, Lexington Avenue, kuna 92nd Street Y, kituo cha utamaduni cha Kiyahudi, kipo tangu 1874, mihadhara na muziki karibu kila wiki, na mingi inarushwa pia kwenye intaneti.

Anazungumza Kiyidi, ile lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki?

Nuru_Manhattan:

Kaka Msafiri, ndiyo! Nikimuogesha huwa anaimba taratibu kwa lugha ambayo si Kiingereza wala Kiebrania, akasema ni Kiyidi, ya mama yake. Mama yake alitoka Vilna, mji ambao leo unaitwa Vilnius, Lithuania.

Msafiri_wa_Broadway:

Vilna! Basi dada, usisubiri hata wiki. Taasisi ya YIVO ilianzishwa Vilna mwaka 1925 kwa ajili ya kukusanya na kuchunguza Kiyidi na maisha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mwaka 1940 makao yake yakahamia New York, na leo iko West 16th Street. Mihadhara yao na matamasha wanayaweka kwenye intaneti. Mtafutie nyimbo, kisha kaa pembeni yake umuache. Wapo pia Folksbiene, kundi la maigizo ya Kiyidi lililoanza 1915, wanaofanyia kazi Museum of Jewish Heritage kule Battery Park City. Ni mbali kwa baridi hii, ngojeni baridi na upepo vipungue.

Ila mwandae kwanza. Mtu wa Vilna anaweza kukutana na picha ya mtaa ambao haupo tena, na watu wake waliuawa na Wanazi. Kuna siku atataka kutazama na kuna siku hataki.

Mama_Zawadi_BK:

Hilo la mwisho nalitilia mkazo. Usiwashe kitu cha Vilna ukaenda jikoni.

Nuru_Manhattan:

Ndugu zangu, nimerudi na habari ya jana.

Alhamisi tulikaa na bibi tukapanga kila kitu. Alisema mwenyewe, sauti iwe ya chini, na runinga isikae ukuta wa mishumaa, iwe ukuta wa pili, ili mishumaa isigeuke pambo la runinga. Nikahamisha meza. Ijumaa saa tisa na nusu nikawasha na kuacha JBS ikiendelea, nikaficha rimoti kwenye droo nisije nikaigusa kwa mazoea, nikategesha swichi ya saa izime saa tatu usiku. Kisha akawasha mishumaa.

Saa kumi na mbili ibada ikaanza, na safari hii alitazama. Akaimba kwa sauti. Ipo sehemu wanaikaribisha Sabato kama bibi harusi, na kwenye ubeti wa mwisho wote mle ndani walisimama wakageukia mlangoni. Bibi akanitazama. Nikakumbuka aliyosema dada Zawadi, kwamba hawezi kuagiza, nikafikiri ni jambo jingine la namna hiyo, nikaogopa kugusa chochote. Kumbe kusukuma kiti ndani ya nyumba hakuna ubaya wowote! Akasema tu, "Nigeuze." Nikamgeuza akatazama mlango wetu wa mbele, akainamisha kichwa huku na huku, kisha nikamrudisha.

Jumapili nitamuonyesha YIVO, nimeshamuuliza na amekubali, ila amesema mimi nikae. Kwenye darasa lake wenzake wawili wamesema watakuja Jumatano kusomea hapa nyumbani, kwa sababu aliwapigia simu kubishana nao kuhusu kipindi cha Yusufu na ndugu zake. Fundi, ahsante sana kwa hilo.

Kaka Msafiri, tamasha la Januari bintiye ameahidi kulipia tiketi mbili. Pale Walter Reade, mtu wa kiti cha magurudumu anawekwa nyuma au mbele? Macho yake ya mbali si mazuri, nisije nikamkalisha asione.