Naomba ushauri: sentensi moja ya wasifu wa Chege Kibachia imetugawanya

Ndugu zangu, mimi na mwenzangu tunahariri wasifu mfupi wa Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi zama za ukoloni, kwa ajili ya kijitabu cha mtaa wetu hapa Majengo, Mombasa, nasi tumekwama. Mwenzangu ameandika kwamba Kibachia ndiye aliyeanzisha mgomo wa wafanyakazi wa Mombasa wa Januari 1947, akitegemea maneno ya mzee mmoja anayesimulia aliyoyasikia kwa marehemu baba yake kuhusu mikutano ya wagomaji kwenye Kiwanja cha Maskini. Mimi nashikilia kuwa aliibuka kiongozi mgomo ukiwa umeshaanza. Sentensi ile nimeikata kwa kalamu nyekundu mara mbili, naye ameirudisha mara mbili. Tena serikali ya kikoloni, iliyomkamata Agosti mwaka huohuo na kumhamishia Baringo, ilimwona mchochezi, na mkoloni, kwa maoni yangu, hakuwa shahidi asiye na upande.

Je, maneno ya mzee yaingie kama masimulizi, tukitaja yalikotoka, au yasubiri ushahidi wa pili? Na hilo neno "mchochezi" tulinukuu au tuliache? Kijitabu kinakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa.