Naomba ushauri: kizuia mwako kwenye bastola kina faida kweli?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mie niko Malindi, upande wa Ganda, nina bastola ya milimita 9 na leseni yake. Juzi kwenye mazoezi ya shabaha, giza limeshaingia, nilipofyatua ule mwali ulinijaa machoni hata shabaha sikuiona tena. Shemeji yangu, mjuzi wa kila kitu huyo, kaniambia ninunue kidude cha kuzuia mwako kinachofungwa mdomoni mwa mtutu.

Ninavyoelewa, mwali hutokea gesi za moto na baruti ambayo haijaisha kuungua zikikutana na hewa nje ya mtutu. Kidude huzitawanya zipoe upesi. Kwenye bunduki kama M16 sibishi, risasi yake ina baruti nyingi. Lakini yangu? Baruti kiduchu, na mtutu hata sentimita 11 haufiki. Tena itabidi nitafute mtutu mrefu zaidi wenye nyuzi za skrubu za kufungia hicho kidude, na hapo bastola haiingii tena kwenye mkoba wake wa kiunoni. Nitembee nayo vipi, kama mwiko?

Halafu kuna sheria. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, inahesabu kifaa cha kupunguza mlio au mwako kuwa silaha chenyewe, kwa hiyo sitaki kukiagiza kienyeji.

Waliowahi kukitumia, mliona tofauti usiku? Au nibadilishe risasi tu, nitafute zenye baruti ya mwako mdogo?