Kitunguu saumu, karafuu au mwarobaini: upi unaua bakteria zaidi?

mdadisi: Wakuu habari. Nina projekti ya chuo, nalinganisha dondoo za mimea hiyo mitatu dhidi ya bakteria wawili, Staphylococcus aureus na E. coli. Nimepanga kuchemsha yote kwa maji, mwenzangu anang'ang'ania ethanoli. Nani yuko sawa?

dada_wa_maabara: Inategemea mmea. Kitunguu saumu usikichemshe kikiwa kizima, alisini inayoua bakteria haimo kwenye punje nzima, inatokea ukiponda ndo kimeng'enya kinakutana na aliini (malighafi ya alisini), sasa ukianza na moto kimeng'enya kinakufa mapema na unabaki na supu tu 😂 Ponda, acha dakika kama 10, kisha toa dondoo bila moto. Karafuu nguvu yake ni eugenoli, na hayo ni mafuta, maji yanaambulia kidogo sana. Hapo ethanoli.

mzee_petri: Na ukitumia ethanoli lazima uweke kidiski (kikaratasi cha mviringo kinachowekwa kwenye sahani ya bakteria) chenye ethanoli tupu pembeni, maana yenyewe inaua. Watu wanapima duara la spiriti, yaani eneo bakteria waliposhindwa kuota kuzunguka kidiski, wanadhani ni la mmea.

kijana_x: Mi naona arahisishe, mwenye duara kubwa ndo mshindi

dada_wa_maabara: Hapana kaka, duara linadanganya. Aga, ile jeli wanamoota bakteria, imejaa maji, mafuta hayasambai vizuri humo, kwa hiyo dondoo kali inaweza kutoa kaduara kadogo. Pima MIC, yaani kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua: anza mfano 1000, 500, 250 mikrogramu kwa mililita, unapunguza nusu kwa nusu hadi uone kirija kimeanza kuwa cheupe-cheupe, maana yake bakteria wanakua; kile cha mwisho kilichobaki safi ndo MIC yako. Na usishangae E. coli akigoma, ana utando wa nje ambao Staph hana.

mdadisi: Asante dada. Na mwarobaini je?

mzee_petri: Kausha majani kivulini, saga, loweka kwenye ethanoli. Usitegemee maajabu.

kijana_x: Kwa hiyo kidonda nipake kitunguu kibichi??

mzee_petri: Weeh! Kinaunguza ngozi vibaya. Kuua kwenye sahani siyo kutibu mtu, kidonda chenye usaha kipeleke hospitali. Mdadisi, weka na diski ya ciprofloxacin (antibiotiki) ya kulinganishia, ila dondoo ikizidiwa usiiite feki, ile ni dawa safi na yako ni mchanganyiko wa vitu kibao.