Wacheza gofu, tupeane uzoefu: kichwa kikikuharibia mchezo unafanyaje?

Wakuu, handikapu yangu ni 18, yaani huzidisha kama mikwaju 18 juu ya iliyopangwa kwa raundi. Mwezi uliopita kwenye mashindano ya klabu nilifika shimo la 16 nikachungulia kadi. Nikapiga hesabu: bogi tatu tu (mkwaju mmoja zidi kila shimo), nafunga na mikwaju 86, zawadi yangu, maana gofu mwenye michache ndiye mshindi. Kabla hata sijapiga mpira nilishaanza kutafuta maneno ya kushukuru. Wa kwanza ukaenda msituni, wa pili nao ukaufuata. Nikatoka na 93. Wenzangu mnajituliza vipi?

Kedi Mstaafu:
Nimebeba mabegi ya wachezaji uwanja wa Lugalo, Dar, miaka mingi, mkuu. Bosi akiharibu, huja mbio mkono umenyooshwa: "Lete draiva!", ile fimbo ya kupiga mbali kabisa. Hapo ndipo hasira inapiga, yeye hayupo. Dawa yangu ilikuwa kuchelewa. Naburuza miguu, nafuta fimbo kwa kitambaa ingawa ni safi, namuuliza watoto wamefungua shule lini. Akishajibu, nampa chuma namba 7, fimbo ya mpira mfupi na salama zaidi. Mmoja alinishtukia baada ya miaka miwili, akacheka, akaongeza posho.

Mama Puti (Nairobi):
Mimi ugonjwa wangu si hasira, ni kuongoza. Nikiongoza natetemeka. Ndiyo maana namhurumia Mfaransa Jean van de Velde. Carnoustie, 1999, shimo la mwisho la mashindano makubwa ya The Open, anaongoza kwa mikwaju mitatu. Hata mikwaju sita kwenye shimo hilo ingemtosha. Akachukua draiva, mambo yakaharibika hadi akavua viatu kuingia kijitoni, akamaliza na saba, ikawa sare. Paul Lawrie akambwaga kwenye mashimo ya nyongeza. Watu husema aliogopa. Mimi naona aliendelea kucheza kana kwamba bado anatafuta ushindi alioushika tayari. Tangu hapo, nikiongoza naamua mpira utue wapi kwanza, fimbo baadaye.

Bunka la Tatu:
Na Rory McIlroy je? Aprili 2011 aliingia siku ya mwisho ya mashindano ya Masters, Augusta, akiongoza kwa mikwaju minne, akapiga 80. Juni hiyohiyo akachukua US Open kwa tofauti ya mikwaju minane. Mimi nikiboronga Jumapili, begi hukaa stoo mwezi mzima. Nadhani tatizo langu ni hilo stoo.

Mzee wa Futi Nne:
Jamani, mengine tunasingizia kichwa. Unakosa puti (mpira mfupi wa kutumbukiza shimoni) ya futi nne kwa sababu hujaifanyia mazoezi, basi! Mimi kila jioni natumbukiza 30 mfululizo. Nikikosa ya 29, naanza moja. Mke wangu ameshazoea kula peke yake.

Mleta mada:
Mrejesho. Jumamosi nilimwachia kedi kadi na kalamu, nikamkataza kunitajia chochote. Shimo la 16 nilimuuliza habari za Simba na Yanga, tukabishana hadi la 18. Alipojumlisha ikawa 87. Nilidhani nimevuka 95.